Sehemu Niliyoiruka

Nansio, 4 Juni 1938

Mdogo wangu Justa,
Nawasalimu wote hapo nyumbani, natumaini kifua cha baba kimepoa. Mimi tumbo limeingia mwezi wa nane. Uso na mikono vimevimba, hata bangili alizonivisha mama imebidi mhunzi azikate. Mama mkwe anatamba kisimani: "Njooni muone, kwangu mkamwana ananenepa!" Lakini kichwa kinaniuma tangu Jumapili, na machoni naona cheche. Msomee mama, umuulize kama naye alikuwa hivi.
Dada yako, Tereza

Mwanza, 11 Juni 1938

Shikamoo dada,
Sisi wazima, baba anakohoa kidogo tu. Mama anasema ni kawaida, ule vizuri, upumzike.
Mdogo wako, Justa

Mwanza, 25 Juni 1938

Shikamoo dada,
Hujajibu, na sijui hata nikuulizeje hali. Mama hakusema yale. Barua yako niliisoma mbele ya baba na mjomba Luhaga, huku nikimfasiria mama kwa Kisukuma. Nilipofika kwenye tumbo lako nikaona haya mbele ya wanaume, nikayaruka maneno yote mpaka mwisho wa barua. Mama akauliza, "Anasemaje zaidi?" Nikasema, "Anasalimu." Mjomba akacheka: "Karatasi yote hiyo, salamu tu?" Majibu niliyatunga mwenyewe.

Jana mkunga Wilhelmina alitufundisha darasani. Mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma bila kupoa, akaona cheche, au akaumwa chini ya mbavu, huko si kunenepa. Ni ugonjwa wa mimba. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje kifafa. Niliandika yote daftarini, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikaenda nyumbani nikamwambia mama. Hakunipiga. Alifunga nguo zake tu. Anapanda stima asubuhi hii, na barua hii anayo. Kama huoni vizuri, shemeji akusomee. Asome yote.
Mdogo wako, Justa

Nansio, 13 Julai 1938

Justa,
Mama alinikuta nimeshikwa na kifafa. Wakanibeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Mimi nipo. Mtoto alikuwa wa kike, hakulia. Wamemzika, sijauliza wapi.

Barua yako nimeisoma leo, macho yalipotulia. Nimeitafuta hasira, sijaiona. Naona ukuta, naona bakuli la uji. Itakuja, najijua. Ikija, sitaki ikukute kwenye karatasi. Njoo na stima ya Jumamosi, ukae hapa kitandani, uniambie tena kwa mdomo wako.
Dada yako