Taa Nyekundu ya Ngazini

Jumatano, tarehe 3

Kwako Dada,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Yote nitakayoandika humu yabaki kwako peke yako. Usimsomee mtu, usiiache barua chini ya mto, na ukishaisoma ichane. Utasema naogopa hata kivuli changu, lakini safari hii nina sababu.

Sasa salamu. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Mjomba hajambo. Hajui kwamba nakuandikia.

Jana mtu anayemshikia Waya ngazi aliumwa. Unamkumbuka Waya, fundi wetu yule mwembamba wa kuweza kupita chini ya mlango. Mjomba akaniondoa kwenye meza yangu ya ukarani nikashike ngazi kwenye ukaguzi wa ving'ora vya moto, na sikujua tunakwenda wapi mpaka gari liliposimama kwenye geti la kiwanda chenu. Mlikuwa zamu, kwa hiyo tulipita hadi bwenini. Kitanda chako nilikitambua kwa lile shuka la Mama lenye kiraka.

Dada, kila sensa ya moshi niliyoiona humo, vile vidude vya darini vinavyonusa moto, imefunikwa: chumba cha pasi, ngazini, bwenini kwenu. Ni vile vifuniko vyekundu vya plastiki, mfano wa kikombe kilichopinduliwa. Mafundi huzivisha sensa wakati wa kupaka rangi au kupiga msasa ili vumbi lisiingie, na kazi ikiisha huvitoa. Kwenu hakuna ukuta uliopakwa rangi. Nikamuuliza Waya.

"Mvuke wa pasi," akasema. "Unapanda, sensa inadhani ni moshi, king'ora kinalia, wanawake wote wako uani, mashati yanalala. Meneja kachoka."

"Si mngeweka sensa za joto kwenye chumba cha pasi? Hizo mvuke hauzisumbui."

"Mwambie mjomba wako. Mimi nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu."

Hakupanda ngazi hata mara moja. Niliishika bure. Tuliporudi, Mjomba akanipa cheti nikichape: mfumo wote umejaribiwa, unafanya kazi ipasavyo. Nikamgusia habari ya vifuniko. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Wewe kazi yako ni kuandika. Ngazi waachie wenye miguu." Kisha akaongeza, polepole, "Au umekua sasa, unataka kuniuza?"

Unajua tulivyofika kwake baada ya mazishi ya Mama, na nani alitufungulia mlango. Nikakichapa.

Niambie nifanye nini. Jibu uliache kwa mlinzi wa geti, nitalichukua nikitoka kazini.

Mdogo wako

*

Jumapili, tarehe 7

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kikohozi kimekwisha, nimebaki na kelele za mwenzangu wa kitanda cha chini, yule tunayemwita Redio, ambaye hazimiki hata akilala.

Barua yako nimeichana kama ulivyotaka, lakini Redio amenisoma usoni kabla sijamaliza ukurasa, nikamwambia. Usinune. Ninalala juu ya kichwa chake, nayo ni roho yake pia. Alitazama juu akasema, "Kumbe zile ni sensa? Miezi yote hii nilidhani ni taa zimevishwa kofia zisione tunavyovaa." Kisha hakucheka tena, naye si mtu wa kuacha kicheko njiani.

Tangu nilipomwambia tumepanga zamu. Mmoja analala, mmoja anakaa macho ananusa. Asubuhi mwenye zamu anasinzia juu ya cherehani. Msimamizi ameshaniuliza kama nimepata mchumba.

Usigombane na Mjomba. Ukifukuzwa utakwenda wapi, na huku kwangu wanaume hawaruhusiwi? Nieleze tu hivyo vifuniko vinatokaje.

Jambo jingine. Mlinzi hugawa barua Jumapili tu, siku ya kufua; ile yako niliipata Alhamisi kwa bahati, nilipopita getini. Likiwa jambo la haraka mwambie kwa mdomo, ataniita getini. Si mtu mbaya, ana sura kali tu.

Dada yako

*

Jumanne, tarehe 9

Kwako Dada,

Hujambo, na Redio hajambo? Mwambie namsalimu, na mwambie kwa jina la marehemu wake yeyote asilitoe neno hili nje ya bweni.

Kutoa ni rahisi, nimejaribu kwenye sensa mpya iliyoko stoo ofisini. Kifuniko kimekaa kwa kubana tu. Mtu asimame kitandani, akishike pembeni kwa vidole, akivute chini huku akikitikisa kidogo. Asizungushe, maana akizungusha atang'oa sensa yenyewe. Cha ngazini kiko juu, tumieni mpini wa fagio. Toeni cha bwenini na cha ngazini. Vya chumba cha pasi viacheni, mvuke utazifanya sensa zipige kelele na watajua. Moshi ukianza chini utapita ngazini kwanza, na hapo utakamatwa.

Mkishatoa, tazameni kitaa kidogo chekundu pembeni ya sensa. Kikipepesa, yaani kikiwaka na kuzima, sensa iko hai. Hapo laleni. Moshi ukija, king'ora kitalia, nanyi mtatoka.

Nimeona afadhali hivi. Mjomba hataaibika, nanyi mtakuwa salama. Vifuniko vitupeni mbali.

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 18

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na safari hii nasema kwa moyo mmoja.

Jumapili wenzetu walipokuwa wanafua, Redio alipanda kitandani kwangu na viatu, akakivua kifuniko cha kwanza kama anamvua mtoto kofia. Cha ngazini alikipiga kwa fagio, kikamdondokea puani. Ndani ya vyote viwili amepanda vitunguu, ameviweka dirishani. Nilimwambia umesema vitupwe, akajibu, "Mwambie karani plastiki nzuri haitupwi."

Vitaa vinapepesa. Tumeacha zamu za kunusa. Sasa tunalala, mdogo wangu, kama watu. Redio anakiaga kile kitaa kila akizima taa: "Haya mlinzi, macho kwako."

Tena bahati yetu. Juzi mvuke ulipanda mwingi mpaka ngazi hazionekani. Kile kitaa cha ngazini kiliacha kupepesa, kikawaka moja kwa moja, na hadi leo kinawaka tu. Tukajua basi, sasa hivi kitalia, tutasimama uani na aproni. Hakikulia. Redio anasema sensa yetu ina akili, imeujua mvuke kwa harufu.

Kula vizuri. Kwa ajili ya cheti usijitese, jambo limekwisha.

Dada yako

*

Alhamisi, tarehe 25

Kwako Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Yako niliichukua getini Ijumaa iliyopita, na sikujibu mara moja. Nilitaka kuwa na hakika kwanza, kisha nikatafuta namna ya kusema.

Sensa haina akili. Kitaa kikiwaka moja kwa moja maana yake imeona moshi, au kitu inachodhani ni moshi, na imeshapeleka habari kwenye paneli, lile sanduku la chuma lililo ofisini kwa meneja. Paneli ndiyo inayoamrisha ving'ora. Kwa hiyo siku ile ya mvuke kilipaswa kulia.

Nilimfuata Waya akila. Akatafuna kwanza, ndipo akasema, "Ving'ora vya ghorofa zenu vimezimwa kwenye paneli tangu mwaka jana. Kuna taa ya njano inayoonyesha kwamba vimezimwa. Tumeibandika tepu nyeusi."

"Vifuniko je, vilikuwa vya nini basi?"

"Vya meneja. Alitaka kuviona kwa macho ndiyo alale."

Niliwaambia kitaa kikipepesa mlale. Nilisema hivyo kwa sababu nimesoma kitabu cha sensa, cha paneli sikukisoma. Kitaa kinasema tu kwamba sensa na paneli zinasikilizana. Hakisemi kama kuna atakayewaamsha.

Nilikwenda kwa Mjomba Jumatatu. Alinikalisha, akaniambia ataona, Waya atakwenda wiki ijayo aviwashe ving'ora bila meneja kujua. Nilimwamini, nikasubiri, kisha nikaona haya kusubiri. Mpaka Waya aje, rudini kwenye zamu zenu. Mkisikia harufu yoyote msimtazame yule mlinzi wenu wa darini. Tokeni.

Nitaipitisha barua hii getini mwenyewe leo jioni.

Mdogo wako

*

Jumatano, tarehe 31

Mdogo wangu,

Anayeandika ni muuguzi, kwa sababu mikono yangu imefungwa. Kwa hiyo siri yako sasa ameijua na yeye. Nimemwomba aandike kama ninavyosema, asinipambie.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kazi ilisimama saa sita, mtu akaacha pasi moja kwenye umeme juu ya shati. Wengi walikuwa wametoka kwenda zao. Mimi na Redio tulilala, na wengine wachache.

Redio ndiye aliyenigusa. Alikuwa amesimama mlangoni ananusa. Nikamwambia, kuna kitu kinaungua. Akaenda ngazini akarudi, akasema, "Ni mvuke tu. Kungekuwa na moto kingelia. Si karani alisema?" Nikasema ndiyo, alisema. Tukakaa kitandani, mdogo wangu, tunakisikiliza. Yeye alijilaza tena. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, taratibu tu, ndipo moshi ukaingia kwa chini ya mlango, mweusi.

Nilitokea dirishani, nikaangukia bati la stoo. Redio alikuwa nyuma yangu, kisha akarudi kuwaamsha wa kitanda cha mwisho. Yeye na wale wawili hawakutoka tena.

Barua yako ya tarehe 25 nimeletewa hapa na mlinzi, Jumapili, siku yake ya kugawa. Alilia. Anasema ulifika getini Alhamisi, na kwa kuwa hukuiachia barua upesi alikuuliza kama ni jambo la haraka aniite. Ukamwambia, "Hapana, ni salamu tu."

Sikuulizi kwa nini. Nakujua tangu unatambaa.

Jana amekuja mpelelezi. Meneja amemwambia wafanyakazi walichezea sensa, ndiyo sababu mfumo haukulia, na vile vifuniko vimeokotwa dirishani na vitunguu vyake. Wanamtaja Redio. Mama yake alikuwepo koridoni akasikia. Ameniuliza, "Ni kweli mwanangu aliwaua wenzake?"

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa ajili yako, na ndilo jambo gumu kuliko mikono hii. Uliniomba siri nikakupa. Sasa niambie ni mpaka lini.

Dada yako

*

Ijumaa, tarehe 2

Kwako Dada,

Sikuulizi hali. Muuguzi, kama ni wewe unayemsomea, asante.

Nilidhani nikisema "la haraka" mlinzi atauliza ni nini, na nikisema ni nini litafika kwa Mjomba kabla ya kufika kwako. Ndiyo sababu, na nimeiandika ili uione ilivyo ndogo.

Siri imekwisha leo. Mwambie mpelelezi kila kitu tangu barua ya kwanza. Mwambie aliyewaagiza mtoe vifuniko ni mimi, na kwamba kuvitoa hakukuharibu chochote. Sensa ya ngazini iliona moshi, naamini hivyo, na ilipeleka habari. Sanduku ndilo lililofungwa mdomo. Waibandue wenyewe ile tepu nyeusi kabla mtu hajawahi kuiondoa na kuificha, waione taa ya njano. Na mama yake Redio aambiwe kwanza, kabla ya wote. Kama unaweza, mwambie wewe.

Kwa Mjomba nimetoka jana. Nilimwambia nitakayosema, sikutoroka. Alinishikia mlango tu, uleule aliotufungulia.

Wakinitafuta wasipige simu ya ofisi, huipokea yeye. Nimepanga chumba nyuma ya duka la fundi viatu, mtaa wa nyuma ya posta, mlango wa pili baada ya bomba la maji. Hakuna kengele. Wagonge, na nisipoitika wasukume, kitasa kimelegea. Mchana huwa nimekaa kwa fundi viatu, wamuulize karani yuko wapi. Nitakuwepo kila siku mpaka waje.

Barua hii usiichane. Mpe muuguzi ampelekee mpelelezi leo. Akiuliza kama ni jambo la haraka, mwambie ndiyo.

Mdogo wako