Nyigu Mwenye Jina la Babu

9 Februari

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima na macho hayajazidi kufifia. Sisi huku hatujambo. Mafua yalinipitia, yakaenda zake. Mama anakusalimu, na anasema uache ukaidi ukafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho.

Sasa la kazi. Mkuu wa idara hapa makumbusho amenikabidhi droo yako ya nyigu wa kale walionaswa katika utomvu wa miti uliogeuka kaharabu, ile droo aliyoiunda Babu, ili niwapitie upya mmoja mmoja. Nimefika kwa yule uliyempa jina la Babu, nikakwama. Ulimweka katika familia yake kwa sababu ya mshipa unaokatiza bawa la mbele. Nikimtazama kwa hadubini, naona mshipa huo unaendelea kidogo nje ya ukingo wa bawa. Mshipa hauwezi kutoka nje ya bawa, Bibi. Nashuku ni ufa katika kaharabu.

Njia ya kujua ni kusugua upande wa pili wa kipande mpaka uwe angavu, nimtazame kwa chini. Lakini ni yeye peke yake aliyewahi kupatikana. Kaharabu ikipasuka, basi. Ruhusa ya mkuu ninayo. Yako sina, na bila yako sigusi.

Mjukuu wako

21 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Ni mzima, isipokuwa macho, ambayo sasa yananionyesha dunia kana kwamba ni mimi niliyenaswa katika kaharabu. Barua hii anaiandika jirani yangu mshonaji. Mimi natamka, yeye analalamika kwamba sentensi zangu ni ndefu kuliko uzi wake.

Ruhusa unayoiomba si yangu kuitoa. Nilieleza umbo la nyigu huyo kadiri nilivyomwona. Ukimwona vizuri zaidi yangu, utakuwa umefanya kazi niliyokufundisha. Usitumie mashine. Sugua kwa mkono na maji, pumzika, tazama, kisha uendelee.

Lipo jambo unaloliogopa nawe hukulitaja. Tulitaje. Ikiwa ni ufa, nyigu atahamia familia nyingine. Hilo halinikoseshi usingizi, maana kwa kanuni zetu atahama na jina lake la pili, ambalo ni la babu yako. Ila katika familia hiyo yumo mwingine anayefanana naye sana, aliyepewa jina na mtaalamu mwingine kabla yangu. Wakiwa spishi moja, jina lililotangulia litabaki na la babu yako litafutwa.

Nitaumia, sikufichi. Fundi seremala kama babu yako hawekewi sanamu. Nilipomweleza kwamba nyigu wa aina hii hutaga yai ndani ya mdudu mwingine, na buu akamla mwenyeji wake kutoka ndani, alishika kiuno: "Mke wangu wee! Nyumba nimejenga mimi, halafu jina la mgeni mla mwenyeji unanipa mimi?" Akalalamika hivyo mtaa mzima, huku akicheka kwa fahari.

Andika unachokiona.

Bibi yako

17 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Sisi salama.

Nimesugua kwa mkono, kwa maji, kama ulivyosema. Kaharabu haikupasuka. Ni ufa, Bibi. Kwa chini bawa ni safi, halina mshipa huo. Familia aliyomo si yake.

Sasa namhitaji yule anayefanana naye. Yuko katika makumbusho ya ng'ambo, na maelezo yake ya zamani yanataja yanayoonekana kwa juu tu. Nimeomba aletwe. Nitakuandikia nikijua.

Mjukuu wako

2 Juni

Mume wangu mdogo,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Hali yangu ni njema kuliko ulivyoisikia mara ya mwisho, kwa maana barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Macho yote mawili yamefanyiwa upasuaji. Nimegundua kwamba jirani yangu ana mvi na kwamba jikoni mwangu kuna uchafu wa kutisha.

Umenyamaza muda mrefu. Nadhani najua sababu, nami sitaki uniogope. Ikiwa wale nyigu wawili ni spishi moja, lifute jina, wala usitafute tofauti isiyokuwepo ili kunifurahisha. Babu yako aliwahi kubomoa kabati zima kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umepinda, na mteja mwenyewe alikuwa amekwisha kuridhika. Hangetaka kubaki mahali pasipo pake.

Nilikwenda hospitali ili nisome makala yako kwa macho yangu, liwalo na liwe. Asante kwa kutazama upya. Niliogopa kwamba nikistaafu hakuna atakayeifungua tena droo ile.

Bibi yako

15 Juni

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na hongera ya macho! Mama alilia, kisha akasema, "Si nilimwambia!"

Nisamehe ukimya. Nyigu wa ng'ambo alikaa forodhani wiki nyingi, maana hakuna aliyejua atozwe ushuru wa mdudu au wa kito. Sikutaka kukupa tumaini la kubahatisha.

Amefika. Nimewaweka pamoja chini ya hadubini. Wa ng'ambo ana mrija wa kutagia mfupi, hautokezi nyuma ya tumbo. Wa Babu ana mrija mrefu kuliko mwili wake wote, umejikunja chini ya tumbo. Usingeweza kuuona. Ulikuwa upande ule ambao haukuwa umesuguliwa. Nilimwita mkuu naye atazame, bila kumwambia yupi ni yupi wala jina la nani liko hatarini. Akasema, "Hawa wawili ni mbalimbali kabisa."

Jina linabaki, Bibi. Asante kwa kuniambia nisitafute tofauti. Ndiyo maana naiamini hii niliyoiona. Makala nimeiambatisha.

Mjukuu wako

30 Juni

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Ni mzima, nami nakutakia afya njema.

Makala nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mbele ya picha ya babu yako. Ukurasa wa pili una aya ndefu mno. Igawanye siku nyingine. Mengine yote ni sawasawa.

Nimeona kwamba baada ya jina la nyigu umeliweka jina langu katika mabano, kama kanuni inavyotaka kwa mtaalamu ambaye spishi yake imehamishwa. Katika maisha yangu nimewatia wengi humo, lakini sikuwahi kuingia mwenyewe. Nimeyatazama sana mabano hayo. Yanafanana na jiliwa ya babu yako, ile aliyokuwa akibania ubao. Hushika kitu kisiteleze, ili mwingine aendelee na kazi.

Nashukuru. Naona vizuri.

Bibi yako