Doa la Unyayoni

Dada mpendwa,

Huku tunaendelea. Mwanangu ameota meno mawili, sasa anatung'ata vidole.

Lile doa jeusi la unyayoni mwangu, ulilosema ni wino, lilikatwa. Ni saratani ya ngozi. Unajua maabara tunapima mikroRNA, chembe ndogo mno zinazozuia jeni za saratani zisivuke mipaka. Za doa langu nilizipima mwenyewe. Ile inayozuia saratani hii ni kama haipo kabisa.

“Rudia,” bosi aliniambia.

Nilirudia mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile.

Jumatatu madaktari wananikata kinenani, waone kama saratani imeshafika kwenye tezi za hapo. Shemeji yako nimemdanganya kuwa naenda semina. Dada, naogopa. Njoo Jumapili, ukae karibu yangu nikimwambia ukweli.

Ni mimi, mdogo wako.