Kondo Halipendi Amri

Mjukuu wangu Okello,

Sisi hapa Kisugu hatujambo. Babu yako alishastaafu polisi, lakini kuku bado anawapanga mstari kabla ya kuwapa mahindi.

Unasema daktari wenu huko Nairobi amewaeleza kwamba kondo la nyuma humpitishia mtoto chakula cha mama na wasiwasi wake pia, hata alama zikabaki kwenye jeni. Ukaniuliza mkeo ale nini.

Nilipokuwa na mimba ya baba yako, Babu alileta dodo, ule mchicha wa huku kwetu, kila jioni. Alisimama mbele yangu kama yuko kwenye gwaride: "Kula! Meza!" Nikawa nameza huku moyo unanidunda. Siku moja mama yake akaja kutoka Lira, akamkuta akiniamrisha hivyo. "Mwanangu," akasema, "mtoto unamlisha mboga na hofu. Nyuma geuka! Jikoni, tembea!"

Babu akaenda, mikono imenyooka. Nilicheka mpaka baba yako akanipiga teke tumboni, na dodo ikawa tamu.

Umeniandikia kila kitu anachokula mkeo. Hujaniandikia kama anacheka.

Ni mimi, Jaja wako.