Ng'ombe Wangu na Pikapu Isiyonguruma

Njombe,
Jumapili mchana

Mdogo wangu Marwa,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, ingawa uliitupa harakaharaka kama mtu anayewahi kufika kwenye shida yake. Marahaba. Sisi huku wazima. Baridi nimeizoea, navaa soksi mbili na hakuna anayenishangaa. Kifua cha mama kinaendeleaje? Bado anakohoa lile vumbi la barabara ya Nyamongo? Na goti la baba? Uniandikie, usinipigie. Simu yako unaiweka sauti ya nje, nusu ya Nyanungu inanisalimia kabla sijasema neno. Barua hii nimempa mwalimu mwenzake shemeji yako anayekuja Tarime likizo, pamoja na sweta la mama.

Shauri lako nimelisikia. Unataka kuuza ng'ombe wa mahari yangu, ununue kwa yule mfanyabiashara wa Mugumu pikapu ya haibridi, ile inayotumia petroli na umeme wa betri, upeleke maziwa kwa wachimbaji wa Nyamongo. Umesema dhahabu imeita watu, watu wanataka chai, na chai inataka maziwa. Umesema pia gari hilo halina moshi mwingi, mama atapumua. Hapo ulinigusa, sikufichi. Na baba akakujibu kwamba ng'ombe hawatoki zizini mpaka mimi mwenyewe niseme. Lakini Marwa, hebu jisikilize. Unauza ng'ombe ununue gari la kubebea maziwa ya ng'ombe? Nilicheka mpaka shemeji yako akaja kuuliza kuna nini jikoni.

Nisikucheke tu. Gari la namna hiyo nalijua. Kwenye kitalu cha miche ya parachichi ninapofanya kazi, tajiri alinunua moja, na mimi ndiye ninayekaa mbele na dereva, Sanga, tukisambaza miche. Siku ya kwanza tulisimama getini, ikawa kimya. Mimi mtoto wa Nyanungu najua gari likinyamaza limezimika. Nikashuka, nikakaza kanga kiunoni, nikaenda nyuma kusukuma. Gari likaondoka lenyewe, taratibu, likaniacha nimeinama na mikono hewani. Sanga mpaka leo akiniona asubuhi anauliza, "Dada Bhoke, leo tunasukuma?"

Faida ipo, nisikudanganye. Tukipita nyumba kwa nyumba, simama, ondoka, simama, injini inapumzika na betri inafanya kazi. Tukishuka mlima, betri inajichaji yenyewe. Mafuta tunajaza mara chache kuliko zamani, na nguo zangu hazinuki moshi jioni. Kwa kazi ya kusimama kila kibanda cha chai lingekufaa kweli.

Ila tukipandisha mlima na shehena ya mbolea, injini inalia na kunywa mafuta kama gari lolote. Na wewe nakujua. Wiki ya kwanza utabeba maziwa. Wiki ya pili mtu wa mashimoni atakuambia, "Mura, nibebee mifuko ya mawe, michache tu," na hujawahi kumwambia mtu hapana tangu uzaliwe. Halafu kuna vumbi. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na tundu la hewa, na vumbi huliziba. Sanga alipanga magunia yakaziba tundu, betri ikachemka mpaka ikafa. Fundi akatolewa Dar es Salaam, na aliposema bei ya betri mpya, tajiri alikaa chini kwenye nyasi na suti yake ya kanisani. Ile iliyokufa iko stoo mpaka leo. Kuitupa tumekatazwa, na wa kuichukua hajulikani. Moshi umepungua barabarani, uchafu mwingine umehamia ndani kwetu.

Kitu kingine kimenikaa rohoni. Nilimuuliza Sanga betri inatengenezwa kwa kitu gani, akasema madini. Nikakumbuka mashimo ya kwetu na miti iliyoisha kilimani. Basi kuna kilima kingine mahali fulani, na kuna mama mwingine anakohoa vumbi lake ili mama yetu asikohoe. Sisemi gari ni baya. Kati ya hilo na yale yanayofuka moshi mweusi, ningechagua hilo. Nasema tu usilitazame kama limeshuka kutoka mbinguni.

Sasa ng'ombe. Unakumbuka shemeji yako, mtu wa Njombe, alivyoshika kichwa alipotajiwa idadi, halafu akahangaika minada yote mpaka akawapata. Kuna jambo hujui, hata mama hajui. Mwaka wangu wa kwanza huku tuligombana vibaya, nikafunga begi. Nilikaa nalo kitandani nikiwakumbuka wale ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, yule mwekundu, yule mwenye pembe moja. Nilijua wako zizini, kwamba nikirudi, baba ana cha kurudisha na hataona aibu kunipokea. Basi nikalifungua begi. Nilibaki kwa kupenda, Marwa, si kwa kukosa pa kwenda. Shemeji yako aliniomba msamaha na tunaishi vizuri, usije ukamnunia.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Ng'ombe wangu waende Nyansurura kwa akina Robi, wawe mahari yako, kama tulivyokubaliana. Binti wa watu anakungoja, na wewe unamwambia asubiri gari. Mke aliyeolewa kwa ng'ombe wangu ni mtu wangu. Siku nikija, na begi au bila begi, yeye atanipokea mzigo mlangoni. Gari halimpokei mtu. Najua utakasirika. Nakupenda, ndiyo maana nimekukatalia mimi mwenyewe, nisimwachie baba.

Maziwa anza nayo kwa bodaboda. Ukishaoa, kaa na majirani wenye ng'ombe, mlinunue gari pamoja, na mimi nitatia mkono wangu. Mkague hilo tundu la hewa kabla ya kitu kingine chochote.

Msalimie baba, mwambie nimesema kama alivyotaka niseme. Mama avae sweta hata kama kuna jua. Shangazi mpika uji, msalimie, na babu mlinzi wa zizi mwambie yule mwenye pembe moja amuage vizuri siku ya kuondoka. Robi msalimie peke yake, msiwe kwenye sauti ya nje.

Na siku ukilipata hilo gari, ukija kunipokea stendi ya Tarime, usininyemelee kimyakimya. Piga honi tangu mbali, uipige mpaka watu wakasirike. Nataka nisikie kwamba ndugu yangu amekuja kunichukua.

Ni mimi dada yako, mwenye ng'ombe,
Bhoke