Asili ya "Remember", na Mama Yako Aliyelala Sakafuni

Mpendwa binti yangu Poni,

Wengi hukosea kama ulivyokosea juzi kwenye simu. Hulikata neno la Kiingereza remember vipande viwili, re na member, wakadhani maana yake ni kurudisha viungo vya mwili mahali pake. Ndipo ukakataa tusipike karama ya mdogo wako Lado, ile sala na mlo wa kufunga msiba, mpaka mto uturudishie maiti. "Baba, mtamkumbuka vipi mtu ambaye hamna hata kidole chake?"

Member lilitokana na neno la Kilatini la kiungo. Remember ni la ukoo mwingine. Kwa Kilatini, memor ni mtu aliye na jambo akilini. Re iliyotangulia ni tena. Kuliweka tena akilini, basi. Tangu mwanzo neno hilo halikudai mifupa.

Tulipokuwa wakimbizi kule Koboko, mlikuwa mkimenya karanga jioni nami nikiwachambulia maneno hivi hivi. Lado alinirushia maganda: "Mzee, hata kwa msiba wewe utaleta ubao!" Kisha akajificha nyuma yako, nawe ukinicheka wazi. Haya, nimeuleta ubao, mwanangu. Sina kingine.

Walionusurika boti la mizigo lilipozama walirudi hapa bandarini Juba, wakatuambia walimwona Lado akienda chini. Tumeuliza kila kijiji cha ukingoni ambako tuliweza kufika au kutuma mtu. Mto umejaa, umepungua, umejaa tena. Hakuna kitakachokuja, Poni.

Na desturi yetu unaijua: mama wa marehemu halali kitandani kabla ya karama. Jirani mmoja hapa mtaani Jebel alimletea mama yako godoro, naye mama yako akalisukuma kwa mguu. "Mimi iko hapa chini mpaka Poni aseme. Yeye ndiye mkubwa wao." Nimembembeleza, padri amembembeleza. Anageukia ukutani. Sakafu ni ya saruji, mvua hazijaisha, na tangu wiki iliyopita anakohoa damu.

Tukiendelea kungoja mwili wa Lado, tutapata wa mama yako.

Nakuombea wewe na wanao huko Kampala, Mungu awalinde kuliko nilivyoweza mimi. Leo, kabla hujafungua duka, mpigie mama yako umwambie karama ipikwe.

Baba yako