Mwanamume Niliyesema Hayupo

Kiganjo, Nyeri
14 Juni

Kwa dada yangu Rehana,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Malindi, wewe na watoto, na kwamba magoti ya mama yako Bi Zabibu, ambaye nami namwita mama, yamepata nafuu tangu mlipomhamishia kwenye joto. Mwambie kila nikipita Majengo hutazama mlango wake wa zamani, na pua yangu bado inatafuta yale maandazi ya iliki aliyotupa tukienda shule. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Juni imeshuka, mlima haujaonekana kwa siku tisa, na majirani wanachuma kahawa ya mapema wakiwa wamejifunga magunia mabegani kwa sababu ya manyunyu.

Umenilaumu kwa kukaa kimya, na una haki. Umeniandikia kwenye simu mara saba, nami nimejibu mara moja, kwa neno moja, "salama", na neno lenyewe lilikuwa la uongo. Leo nakuandikia kwa mkono kama tulivyoandikiana ulipoolewa, kwa sababu siku hizi neno likiingia kwenye simu huota miguu. Hili sitaki litembee. Lisome peke yako kwanza.

Gicheru, ndugu yangu mdogo, yule aliyebebana na kaka yako Shakir kwenye baiskeli moja mpaka ikavunjika, ametoka nyumbani. Tangu tarehe ishirini na mbili Machi hatujui aliko. Wiki iliyopita nilipata fununu, na fununu hiyo ilitoka kwako bila wewe kujua. Nitaifikia. Lakini kwanza ujue kwa nini aliondoka, maana ukijua huenda usitake kunisaidia, nami sitakulaumu.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na mitano nimeandika gazetini, na nusu ya miaka hiyo nimepigana na watu wanaotuchekea. Ukiwasikiliza, mlimani kwetu kuna watu wa aina tatu tu: mzee bahili wa viatu vya gambuti, kijana aliyelewa hadi akasahau jina lake, na mwanamke wa Nyeri aliyeshika mwiko, mumewe akikimbia. Huyo wa tatu ndiye aliyenichoma zaidi. Nimeandika kwamba ukimsikia mwanamke wa kwetu ana sauti, uulize aliitoa wapi. Nyanya yetu, wakati wa mkoloni, alichimba handaki la kijiji huku mume wake akiwa kizuizini, akajenga nyumba kwa mikono yake, mtoto mgongoni. Nimeandika pia juu ya wanawake niliowapeleka hospitalini, damu yao ikiwa kwenye blauzi yangu, ambao hakuna mchekeshaji aliyewahi kuwaona. Nilishangiliwa. Nilitukanwa. Vyote viwili nilivipenda, na hilo nalo nalikiri.

Sasa kumbuka ile video uliyonitumia mwisho wa Februari. Mchekeshaji wa Nairobi amevaa kofia, gambuti, na sweta ya kijani yenye mistari miwili myeupe kifuani na mgongoni, jua likiwaka. Amekuja kumshtaki mke wake kwa chifu, na kila akilitaja jina la mke anaruka chini ya meza. Uliniandikia, "Wakonyo, watu wenu hawa!" na nyuso tano zinazotoa machozi kwa kucheka. Sikukasirika nawe. Nchi nzima ilicheka.

Rehana, mtu yule ni Gicheru.

Hakujificha chini ya meza. Alikwenda kwenye ofisi ya naibu wa chifu wa kwetu, mbele ya Giakanja, akaketi kwenye benchi pamoja na watu waliofuata barua za vitambulisho, akangoja zamu yake. Mwenyewe hakuniambia, niliyaona kwenye kundi la simu la ukoo wetu, ambako mtu aliyekuwa mlangoni alitupa picha zake za sekunde arobaini, nazo zikatembea mpaka Nairobi. Gicheru anaonekana kwa nyuma tu, lakini mgongo wa ndugu yako huwezi kuusahau. Anasema kwa sauti ya chini kwamba mke wake, Watiri, anampiga, na kwamba amechoka. Naibu anamwambia aseme kwa nguvu ili na hawa wa nje wasikie. Gicheru anarudia. Hapo kicheko kinaanza. Naibu anamuuliza, "Na wewe ulikuwa unangoja nini, uongezwe?" Mama mmoja anasema, "Aki huyu ametuaibisha." Na yule mwenye simu anapiga kelele, "Mzee, jua ni kali hivi na uko na sweta! Ama bibi amekataza uvue?"

Gicheru alivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole, akasimama, akawaaga kwa heshima, wote, hata yule mwenye simu. Sehemu hiyo ya kuaga mchekeshaji hakuiweka.

Huenda unadhani nilipoona hivyo nilikimbia Giakanja kwa ndugu yangu. Nilikaa mezani nikaandika. Niliandika makala kali kuliko zote nilizowahi kuandika, nikamrarua mchekeshaji yule mbavu kwa mbavu, na katikati yake nikaweka sentensi ambayo wasomaji waliipenda, wakaisambaza: kwamba mwanamume huyo hayupo, ametungwa Nairobi na watu ambao hawajawahi kupanda mlima hata kwa macho. Niliiandika nikijua. Picha za ndugu yangu zilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa kando ya mkono wangu.

Makala ilitoka Jumamosi. Jumapili baada ya kanisa Gicheru alinipigia. Alisema ameisoma kwa kinyozi, wanaume wakipokezana gazeti, na kwamba imeandikwa vizuri, na kwamba amekuwa akijivunia kalamu yangu tangu nilipokuwa nikimwandikia insha zake. Halafu akaniuliza, kwa upole wake ule unaoujua, ikiwa yeye hayupo, ni nani basi aliyekama ng'ombe asubuhi ile. Nilishika simu tu, mpaka akasema sawa, dada, akanitakia siku njema. Kesho yake hakuwako. Simu yake ilipatikana juu ya pipa la maziwa, imezimwa.

Nilikwenda kwa Watiri nikiwa na ulimi uliochongoka. Nilimkuta peke yake jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu vijana wa sokoni wamekuwa wakija langoni na simu zao wakimwomba ashike mwiko wapige picha. Sikumwonea huruma mara moja, ilinichukua muda. Hakukana. Alisema hajui mkono wake ulizoea lini. Mara ya kwanza, miaka saba iliyopita, alimpiga kwa kikombe, na yeye mwenyewe aliogopa. Lakini wiki hiyohiyo, kwenye kamati ya mazishi, mtu aliuona uso wa Gicheru akatania kwamba ameoa Nyeri halisi, na watu wote wakacheka, na Gicheru akacheka, na yeye Watiri akacheka pia, akaona kumbe ni jambo jepesi. Alisema tangu hapo amengoja mtu aje amuulize bila kucheka. Mimi nilikuwa wa kwanza, na nilikuwa nimechelewa.

Nilitoka pale nikijua kwamba wanaocheka ni wabaya, na kwamba mimi ni mbaya zaidi yao. Wao hawakumjua Gicheru.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu, hata kasisi.

Unaijua desturi yetu, uliiona tukiwa wasichana. Mwanamke akipigwa huweka nguo zake kwenye mfuko akarudi kwao. Akishafika, harudishwi hivihivi. Anapewa chai, anapewa kitanda, na mume hana budi kuja na wazee na kondoo dume, kesi isikizwe, aliyekosa akubali kosa lake mbele ya watu. Mama yangu alimpokea shangazi hivyo mara mbili. Ni desturi nzuri, nimeisifu kwa maandishi. Lakini mwanamume arudi kwao wapi? Yeye yuko kwao tayari. Shamba ni la baba, kaburi la baba liko chini ya mibuni, na pale pale ndipo anapopigwa. Baba, Mzee Muriithi, na mama wamekwisha kutangulia. Kwao kulikobaki duniani kwa Gicheru ni kwangu.

Na alikuja, Rehana. Mwezi wa Januari, wiki tatu kabla ya kwenda kwa naibu wa chifu, alifika hapa Kiganjo saa nne asubuhi na mfuko wa nguo. Nilipouona ule mfuko nilielewa yote kabla hajafungua mdomo, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana ya kuingia kwa ndugu yako na mfuko wa namna ile. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebambuka kuanzia kiwiko hadi kifundo. Chai, alisema. Sufuria nzima.

Nilimwekea chai nami, bila kufikiri, na aliitazama tu ikipoa. Nilimpaka dawa. Kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kuhutubia. Nilimwambia ajue kwamba akilisema jambo hili atawapa chakula wale wachekeshaji kwa miaka kumi. Nilimwambia kwa kila mwanamume mmoja kama yeye kuna wanawake mia, na hao mia ndio watakaochekwa kwa ajili yake. Nilimwambia arudi akaongee na mke wake kama watu wazima. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kama angeweza kulala siku moja tu. Nikamwambia akilala, watu watauliza.

Kwa kuwa mkono ulikuwa unaonekana, nilifungua sanduku la marehemu mume wangu Kingori nikatoa sweta. Ile ya kijani, yenye mistari miwili myeupe kifuani na mgongoni, niliyoifuma mwenyewe mwaka tuliooana. Nilimvika kama mtoto, nikavuta mkono ule taratibu juu ya kidonda, naye akauma meno bila kulia. Nikamwambia asiivue mbele za watu. Halafu nikamrudisha kwa gari langu mpaka langoni kwake, na mfuko wake nikaubeba mimi, nikauweka chini. Bila mzee, bila kondoo, bila kesi. Hata shangazi, ambaye mume wake alikuwa mlevi wa kutupwa, hakuwahi kurudishwa hivyo.

Kwa hiyo sweta ambayo Kenya nzima iliicheka, ile wanayouza sasa mfano wake kwenye mitaa ya Nairobi ili vijana wajifanye watu wa mlimani kwenye sherehe zao, ni mimi niliyeifuma, na ni mimi niliyemwagiza asiivue. Chini yake kulikuwa na nyama mbichi.

Sasa fununu. Jumanne iliyopita uliniandikia kunichokoza, kunitoa kwenye kimya. Ulisema Shakir amepata mgeni wa bara huko gereji kwake Mombasa, mtu mkimya, analala stoo na kufagia alfajiri bila kuambiwa, na Shakir hataki kumtaja jina. Ulisema mafundi wanakufa kwa kicheko kwa sababu mgeni huyo hataki kuvua sweta, Mombasa yote ile inayochemka, na ukaniuliza kama sisi watu wa mlima tunazaliwa nazo. Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama, nikaketi chini sakafuni.

Usimpigie Shakir simu. Nenda wewe mwenyewe, kama miguu na nafasi vinakuruhusu. Kama siye, basi siye, nami nitaendelea kutafuta. Kama ni yeye, usimwambie arudi. Nimekwisha kumwambia hivyo mara moja, inatosha. Mwambie dada yake amejua kosa lake na anataka kuja kama desturi inavyomtaka aliyekosa. Kondoo dume nimemfunga nyuma ya nyumba. Najua hapandi basi la Mombasa, lakini yuko, na atangoja hata mwaka. Shakir na Bi Zabibu ndio watakuwa wazee wake, kwa kuwa mmoja amempokea na mwingine alitulisha sote. Siku ataitaja yeye. Akikataa nisije, nitakaa huku huku. Watiri naye ameomba aulizwe kama siku moja atasikilizwa. Hilo mwambie mwisho, na ukiona uso wake umebadilika, liache.

Juu ya hayo yote sijaandika hata mstari gazetini. Mhariri anadhani naumwa. Mambo haya ni ya Gicheru, na kalamu yangu imekwisha kula sehemu yake kubwa mno.

Kuna jambo moja tu ambalo nakuomba ulifanye kabla ya maneno yote hayo, hata kabla ya salamu zangu. Mwambie avue sweta. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Mbusu Bi Zabibu kwenye paji la uso, wasalimie watoto mmoja mmoja, na uniombee kwa namna mnavyoomba nyinyi, nami nitaendelea na namna yetu. Baridi hii ikiisha na mlima ukionekana tena, nitauambia ukusalimu.

Mimi dada yako,

Wakonyo wa Muriithi